Baada ya Mshtuko: Yale Tuliyofunzwa na Panya, Tumbili na Tembo wa Mikumi

 

Hapa Dakawa sina haja ya kumweleza mtu mafuriko ni nini. Januari 2014 maji yalishuka kutoka milimani, yakazikumba Magole, Dumila na Dakawa, yakakata barabara kuu ya kwenda Dodoma, na maelfu ya watu wakabaki bila makazi. Nyumba nyingi zimeshajengwa upya. Lakini katika kila eneo lililowahi kukumbwa na maji wapo watu ambao mvua ya usiku ikianza kupiga bati, wao huamka, hufungua mlango, hutazama uwanjani. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, na uwanja ni mkavu. Wapo wanaoweweseka kila usiku. Wapo walioacha kabisa kupita njia fulani, na ukiwauliza sababu wanabadili mazungumzo.

Hali hiyo ikiendelea zaidi ya mwezi mmoja na kumharibia mtu kazi na maisha ya nyumbani, madaktari huihesabu kuwa ugonjwa, nao huandikwa hospitalini kwa herufi PTSD. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza katika orodha yake ya maradhi mwaka 1980, baada ya wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam kuhangaika kwa miaka bila ugonjwa wao kutambuliwa. Huku kwetu wengi tunaitwa waoga, au tunaambiwa tumerogwa, au tunahimizwa tusahau. Mimi nitauita kiwewe.

Nimekuja kueleza jinsi wanyama wanavyotumika kuuchunguza ugonjwa huu, na nina jambo moja la kutetea. Kwa muda mrefu sayansi ya kiwewe imeitazama zaidi ile saa ya mshtuko wenyewe: sauti, maumivu, damu, ubongo unavyoshtuka. Imevuna mengi hapo. Ila ushahidi wenye uzito mkubwa kwetu, na sehemu yake imetoka humu humu mkoani Morogoro, unaonyesha kwamba hatima ya mtu aliyepatwa huamuliwa sana na kile kinachokuja baada ya mshtuko, hasa nani amebaki karibu naye.

Tuanze na mafuriko mengine. Tarehe 23 Septemba 1924 mto Neva ulifurika na kufunika sehemu kubwa ya mji wa Leningrad, Urusi. Katika mji huo alikuwapo mtaalamu Ivan Pavlov, ambaye alikuwa amewazoesha mbwa wake kudondosha mate kila waliposikia ishara ya chakula. Maji yaliingia mabandani mpaka mbwa wakawa wanaogelea huku vichwa vyao vikikaribia dari. Wafanyakazi walipofika kuwaokoa, milango ya vizimba ilikuwa chini ya maji, hivyo iliwabidi wamzamishe kila mbwa kwanza ndipo wamtoe. Wote wakaokolewa. Siku zilizofuata Pavlov akaona kwamba baadhi yao wamepoteza kabisa yale waliyofundishwa kwa muda mrefu, wengine hawali, wengine wanatetemeka. Wengine hawakubadilika hata kidogo. Yule aliyeumia zaidi alirudi katika hali yake taratibu, na alipokuwa amepona, watafiti wakapitisha maji kidogo tu chini ya mlango wa chumba chake. Mbwa akaporomoka upya.

Watu wa Dakawa mnaielewa habari hiyo kuliko wasomaji wengi wa vitabu vya Pavlov. Mbwa hana imani ya uchawi, hana aibu mbele ya majirani, hajui kujifanya mgonjwa ili apewe msaada. Ukiona kijito kinamwangusha, unajua kwamba jambo hili liko mwilini. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kumtumia mnyama, na peke yake inatosha kumwondolea lawama mtu anayeshtuka mvua ikinyesha.

Mwilini wapi? Miaka ya 1980 Joseph LeDoux, huko New York, alifuatilia swali hilo ndani ya ubongo wa panya. Unampigia panya sauti, kisha unampa mshtuko mdogo wa umeme miguuni. Baada ya mara chache, sauti peke yake humfanya agande kama jiwe. LeDoux alifuata njia ya sauti kutoka sikioni mpaka kwenye sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, upande wa chini, iitwayo amigdala. Hapo ndipo sauti na maumivu hufungwa pamoja. Ipo njia ya mkato inayofika hapo kabla ya sehemu za juu za ubongo kupata nafasi ya kupima ni sauti ya nini. Ndiyo maana mtu anaweza kujikuta amesimama mlangoni ndipo akumbuke kwamba leo ni mvua ya kawaida.

Hatua iliyofuata ndiyo yenye matumaini. Ukiendelea kumpigia panya yule sauti bila kumuumiza, polepole anaacha kuganda. Zamani ilidhaniwa kwamba hofu imefutika. Haijafutika. Mark Bouton alionyesha kwamba ukimzoesha panya katika kizimba kimoja kisha ukampeleka kingine, hofu inarudi. Mwaka 2002 Mohammed Milad na Gregory Quirk wakaonyesha kwamba kuna chembe za ubongo, sehemu ya mbele, zinazowaka pale panya anapokumbuka kwamba sauti haina tena hatari, na zinaituliza amigdala. Hofu ya zamani inabaki ilivyo, na pembeni yake inachongwa njia mpya ambayo isipopitwa huota nyasi. Kwa hiyo mtu aliyetulia kabisa ndani ya chumba cha mshauri mjini Morogoro anaweza kutetemeka upya akifika kwenye daraja alikokumbwa na maji. Asidhani ameshindwa, wala mshauri wake asidhani hivyo. Kilichobaki ni kuichonga njia hiyo mpaka darajani kwenyewe.

Mantiki hii ya kukutana na hofu mahali salama ilifika Afrika Mashariki ikiwa tiba. Katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, Frank Neuner na wenzake kutoka Ujerumani waliwatibu wakimbizi wa Sudan kwa kuwasaidia kusimulia maisha yao tangu kuzaliwa, kwa mpangilio, wakipita katika kila tukio la kutisha mpaka mwisho wake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Baada ya mwaka mmoja, kati ya waliosimulia, asilimia 29 tu walikuwa bado na ugonjwa. Kati ya waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa asilimia 79, na kati ya waliopewa elimu tu juu ya ugonjwa walikuwa asilimia 80. Kundi lilikuwa dogo, watu 43. Lakini miaka michache baadaye, katika makazi ya Nakivale kusini mwa Uganda, tiba hiyo hiyo ilitolewa na wakimbizi wenyewe waliofundishwa, wasio madaktari, na ikafanya kazi kwa Wanyarwanda na Wasomali. Nawaomba wauguzi wa zahanati mlikumbuke hili, kwa sababu barabara inayopita hapa inafika Hospitali ya Afya ya Akili ya Mirembe, Dodoma, lakini si kila mgonjwa wa kiwewe atafika Mirembe, wala si kila mmoja anahitaji kufika.

Dawa, kwa upande wake, zimetuangusha zaidi ya mara moja. Mwaka 2002 ilionekana kwamba dawa ya zamani ya kifua kikuu, saikloserini, inamsaidia panya kujifunza haraka kwamba sauti haina hatari. Miaka miwili baadaye ikawasaidia watu wanaoogopa urefu. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa wengi zaidi wa kiwewe, matokeo yakayumba. Prazosini, dawa ya shinikizo la damu, ilionekana kupunguza majinamizi, lakini jaribio kubwa kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani lililochapishwa 2018 halikuona faida yoyote kuliko kidonge kisicho na dawa. Kwa nini panya anapona na mtu haponi? Nina majibu matatu, na la tatu ndilo linalonihangaisha.

La kwanza, panya wengi waliotumika walikuwa madume. Katika sayansi ya ubongo, uchunguzi wa machapisho ya mwaka 2009 ulikuta tafiti za madume pekee zikizidi za majike pekee mara tano na zaidi, wakati kwa binadamu wanawake hupata kiwewe karibu mara mbili ya wanaume. La pili, kwa muda mrefu hesabu ilikuwa ya wastani: panya wote waliotishwa wakilinganishwa na wote ambao hawakutishwa. Hagit Cohen, wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion huko Israeli, alikataa hesabu hiyo. Aliwaweka panya karibu na paka, au na mchanga wenye harufu ya paka, kwa dakika chache tu, akasubiri wiki, kisha akamtazama kila panya peke yake. Wote walitishwa kwa kipimo kimoja, lakini takriban robo tu ndio walioharibika kabisa: hawatoki pembeni, wanashtuka kwa kila sauti. Ndivyo ilivyo kwa watu. Wengi hupona wenyewe. Mtafiti anayechanganya robo hiyo na robo tatu nyingine anatafuta dawa ya ugonjwa ambao wengi wa panya wake hawana.

La tatu ni upweke. Ipo njia maarufu ya kumsababishia panya hali ya kiwewe, iliyobuniwa na Israel Liberzon na wenzake miaka ya 1990. Panya anabanwa asijongee kwa saa mbili, anaogeleshwa kwa dakika 20, anavutishwa etha mpaka anazimia, kisha anaachwa siku saba bila kuguswa. Baada ya siku hizo mfumo wake wa homoni za mshtuko unafanana na ule ambao Rachel Yehuda aliukuta kwa wanajeshi na kwa Wayahudi walionusurika mauaji ya Hitler: unajizima haraka kupita kiasi, na homoni ya kotisoli mara nyingi iko chini. Zitazameni zile siku saba. Tunasema panya ameugua kwa sababu ya kubanwa, maji na etha. Zile siku za kuachwa tunaziandika kama muda wa kusubiri tu, ilhali nazo ni sehemu ya mapishi. Huko Tokyo, Yasushi Kiyokawa ameonyesha kwamba hofu ya panya aliyefundishwa kuogopa sauti hupungua akiwa na mwenzake, hata akipata harufu tu ya mwenzake. Panya ni mnyama wa kuishi pamoja, na tumejenga sehemu kubwa ya elimu ya kiwewe juu ya mnyama wa kuishi pamoja aliyefungiwa peke yake.

Hapo mtu atasema basi tiba ni kuwakusanya watu. Ngojeni kidogo, twende Kenya. Mwaka 1989 watafiti, miongoni mwao Hideo Uno na Robert Sapolsky, walichapisha taarifa ya tumbili waliokamatwa porini na kuwekwa katika kituo cha utafiti nchini humo. Wengi wao waliishi katika makundi. Baadhi yao walikufa wenyewe, na walipopasuliwa walikutwa na vidonda vya tumbo na tezi za juu ya figo zilizovimba. Wengi walikuwa na alama za kuumwa na wenzao. Katika bongo zao, sehemu iitwayo hipokampasi, inayotunza kumbukumbu za mahali na wakati, chembe zilikuwa zimeharibika. Wengi wa tumbili hawa hawakuwa peke yao. Walizungukwa na wengine usiku na mchana, ila hao ndio waliowauma, na katika kizimba hakuna pa kukimbilia.

Mateso ya wale tumbili yananiuma, na sitaki tuyapite kwa sababu tu yametufundisha kitu. Mwaka 1959 Waingereza William Russell na Rex Burch waliweka kanuni tatu: asitumike mnyama kama ipo njia nyingine, watumike wachache iwezekanavyo, na wapunguziwe maumivu. Utafiti wa kiwewe unaibana sana kanuni ya tatu, kwa sababu mateso ndiyo kitu chenyewe kinachotafutwa. Msimamo wangu ni huu: kumtesa mnyama ili kuthibitisha tena jambo lililokwisha kuthibitishwa ni dhuluma, na tafiti za aina hiyo ni nyingi mno. Sisi wa Morogoro tuna sababu ya kulisema hili kwa sauti. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limekuwa likiwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Wanazoeshwa watu, sauti na magari tangu wakiwa wadogo, na hufundishwa kwa kupewa chakula. Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania, aligundua mabomu ya ardhini 71 huko Kambodia, naye alitunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Panya anajifunza vizuri sana bila kutishwa.

Na ipo njia nyingine ya kukijua kiwewe: kumfuata mnyama ambaye tayari ameumizwa na binadamu wengine. Huo ndio utafiti wa Hifadhi ya Mikumi.

Wazee mnaikumbuka miaka ya ujangili. Hifadhi ya Selous, jirani ya Mikumi, ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki kama 30,000. Majangili walitafuta meno makubwa, na meno makubwa ni ya wazee. Katika familia ya tembo kiongozi ni jike mzee: bibi, pamoja na binti zake na wajukuu. Yeye ndiye anayejua maji yako wapi ukame ukija, na sauti ya kundi geni ina maana gani. Risasi ikimwangusha bibi, wanaobaki ni mabinti wadogo walioona kila kitu. Mwaka 1989 serikali iliendesha Operesheni Uhai, na dunia ikapiga marufuku biashara ya meno ya tembo. Bunduki nyingi zikanyamaza.

Zaidi ya miaka kumi baadaye, Kathleen Gobush na Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, pamoja na Benezeth Mutayoba wa Sokoine, waliingia Mikumi kuuliza: je, walionusurika wametulia? Hawakumchoma tembo sindano wala kumfunga kamba. Waliokota kinyesi. Humo mna mabaki ya homoni za mshtuko, na mna vinasaba vinavyoonyesha nani ni ndugu wa nani. Kwa miezi 25, kuanzia 2003 hadi 2005, waliwafuatilia majike wazima 218 katika makundi 109, na mwaka 2008 wakachapisha.

Ukubwa wa makundi ulikuwa haujabadilika sana tangu 1989. Mtalii angeona makundi yaliyokamilika. Lakini ndani ya mengi ya makundi hayo walikuwamo tembo wasio na undugu wa karibu, mabaki ya familia mbalimbali waliokutana wakaungana. Majike waliokosa bibi, waliokosa mama au dada, na waliokosa ukaribu wa kila siku na wenzao, walikuwa na homoni za mshtuko nyingi kuliko majike wenye familia nzima. Majike wa makundi yenye undugu na ukaribu hafifu walikuwa na watoto wachache pia, ingawa wengi walikuwa katika umri mzuri wa kuzaa. Na waliokuwa wakitembelea maeneo ya mbali ambako ujangili ulikuwa mkali zamani, homoni zao zilikuwa juu kuliko wa maeneo salama. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu marufuku.

Sitamwita tembo huyo mgonjwa wa PTSD. Hatuwezi kumuuliza ndoto zake, na homoni zake zilikuwa juu, wakati kwa wagonjwa wengi wa kiwewe kotisoli iko chini. Inawezekana alichonacho ni hofu sugu, jambo la karibu lakini tofauti. Tena utafiti huu ulilinganisha majike walivyokutwa, haukuwagawa makundi kwa makusudi, kwa hiyo haukati shauri kwamba kukosa bibi ndiko kulikoleta yote. Lakini uwekeni kando ya panya wa Tokyo na tumbili wa Kenya, na picha inakuwa ngumu kuikwepa. Waliopitia bunduki zile zile hawakuishia mahali pamoja. Waliobaki na mtu wao walikuwa na hali moja, waliobaki na kundi tu walikuwa na nyingine.

Dakawa ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1982 serikali iliwapa wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini ardhi hapa, kuongezea ile ya Mazimbu walikokuwa na shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Waliofika wengi walikuwa vijana waliotoroka baada ya mauaji ya Soweto ya 1976, wengine wakitoka katika vyumba vya mateso vya polisi wa makaburu, na karibu wote bila mama, bila bibi. Walijenga, walilima, walioa na kuolewa. Mwaka 1992 majengo yalirudishwa kwa serikali yetu, na baadhi ya familia zikagawanyika kati ya nchi mbili. Baadhi ya waliowapokea wangali hai. Nani alipona miongoni mwa vijana wale, na alikuwa anaishi na nani? Swali hilo linaweza kuulizwa kwa mazungumzo tu, bila mnyama wala maabara, na muda wa kuliuliza unakwisha kwa sababu wenye majibu wanazeeka. Nawaomba wanafunzi wa Sokoine, ambao kampasi yao ya Mazimbu ni majengo yale yale, walichukue.

Ombi langu la pili ni kwa kamati za maafa za wilaya na za vijiji. Maji yatarudi, maana bonde ni la Wami. Watu wakihamishiwa kwenye mahema au viwanja vipya, ni rahisi kuwapanga kwa kufuata namba ya orodha au herufi ya jina, na hapo bibi anapewa hema mwisho wa uwanja huku, wajukuu kule, na mjane aliyezoea kuitana na jirani yake alfajiri anajikuta katikati ya wageni. Daftari la kuandikisha waathirika liwe na swali moja zaidi, liulizwe kabla ya hema la kwanza kusimikwa: wewe unataka kukaa karibu na nani? Jibu liandikwe, mahema yapangwe kwa kulifuata, na muuguzi wa zahanati apite tena baada ya mwezi mmoja kuuliza nani halali usiku.